Jiko Ndilo Linalofungua Mlango: Hotuba Kuhusu Kula Katika Baa na Migahawa ya Vijijini Uingereza

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkusanyiko wa Waswahili waishio Reading na miji ya jirani. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na baba zangu, ndugu zangu, na ninyi vijana wetu mliozaliwa huku, nawasalimu nyote. Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo huenda wengine wakalihesabu kuwa la starehe tu, nalo ni kula nje katika baa na migahawa ya vijijini ya nchi hii tunayoishi. Nimekubali kwa moyo wote, kwa sababu naamini lina uzito kuliko linavyoonekana.

Hebu tujiulize. Ni wangapi kati yetu tumeishi hapa miaka kumi, ishirini na zaidi, tukaijua barabara ya M4 pamoja na kila njia ya kuchepukia, tukazijua hospitali, maghala na viwanja vya ndege kwa sababu ndiko tunakofanya kazi, lakini kijiji kilicho mwendo wa robo saa kutoka nyumbani hatujawahi kukikanyaga? Ni wangapi tumepita kwa gari mbele ya nyumba kongwe yenye kibao cha simba mwekundu au cha taji, tukaona moshi wa kuni ukitoka juu ya paa na watu wakiwa mezani na watoto wao, tukasema moyoni kwamba pale si petu?

Nitakalosema leo ni moja. Baa ya kijijini ya Uingereza siku hizi inaishi kwa jiko lake. Jiko ndilo linalofungua mlango. Anayekwenda kula pale ndiye anayeiwezesha kuwapo mwaka ujao, awe anakunywa bia au awe hajaionja maisha yake yote. Kwa hiyo kiti kile kinatuhusu na sisi.

Nianze na historia, kwa kifupi. Mwaka 1830 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyomruhusu mlipa kodi wa kawaida kulipa ada ya gini mbili, fedha ya zamani ya Kiingereza, na kuuza bia nyumbani kwake. Nyumba za bia zikaenea vijijini kwa maelfu. Zilikuwa sebule za watu wa kazi, na chakula hakikuwa shabaha yake. Mtu alipata mkate, jibini na pengine kitunguu, kisha akarudi shambani. Hata sahani maarufu ya mkate, jibini na achari ya vitunguu inayouzwa leo kama chakula cha mkulima wa jembe, ingawa vilivyomo ni vya kale, ilienezwa kwa makusudi na wauzaji wa jibini katika miaka ya 1950, mgao wa chakula wa wakati wa vita ulipokuwa unafikia mwisho, kisha Bodi ya Maziwa ikaitangaza nchi nzima katika miaka ya 1960. Kulikuwa na watu waliokwisha kuona kwamba baa inaweza kulisha, na wakafanya kazi ili iwe hivyo.

Nini kililazimisha mabadiliko yenyewe? Kwanza ni sheria ya usalama barabarani ya 1967, iliyopita Barbara Castle akiwa waziri wa uchukuzi. Iliweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, na polisi wakaanza kupima pumzi za madereva. Fikirini maana yake kwa baa iliyo katikati ya mashamba, ambako hakuna basi la usiku. Mteja wa zamani, aliyekuwa akinywa mpaka usiku na kuendesha gari kurudi nyumbani, hakuwa tena nguzo ya biashara. Kisha, tarehe 1 Julai 2007, uvutaji wa sigara ndani ya baa ukapigwa marufuku. Baadhi ya wateja wa zamani wakabaki nyumbani, lakini hewa ikasafishika, na familia zenye watoto zikaanza kuingia kula.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi wetu hatuijui, nayo inakaa ndani ya mikataba. Mara nyingi mtu mnayemwona nyuma ya kaunta si mwenye jengo. Ni mpangaji wa kampuni inayomiliki jengo, na mkataba wake humlazimisha kununua bia kwa kampuni hiyo au kwa muuzaji iliyemteua, na aghalabu kwa bei iliyo juu ya ile ya soko huria. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 2016 serikali ilianzisha kanuni maalumu, pamoja na msimamizi wa kuamua migogoro kati ya wapangaji na kampuni zenye baa 500 au zaidi za namna hiyo. Lakini viazi, samaki, nyama na mboga mpangaji huyo hununua apendako, kwa mkulima amjuaye, kwa bei wanayoelewana. Kinachobaki juu ya sahani baada ya gharama na kodi ni chake. Je, tunashangaa basi kwamba aliyetaka kuokoa baa yake alikimbilia jikoni?

Nawaletea kisa cha Hudswell. Ni kijiji kidogo karibu na mji wa Richmond, North Yorkshire, na baa yake inaitwa George and Dragon. Mwaka 2008 ilifungwa. Kijiji kikabaki bila mahali pa watu kukutana. Wanakijiji hawakukaa na kulalamika. Waliunda chama, wakauza hisa, wakalinunua jengo, na mwaka 2010 wakalifungua tena. Ndani yake wakaweka maktaba ndogo na duka dogo linalohudumiwa na watu wa kujitolea, na nyuma wakagawa vishamba vya mboga. Ilipofika 2016, baa hiyo iliyokuwa imekufa ilitunukiwa kuwa baa bora ya mwaka ya Uingereza nzima na CAMRA, chama cha watetezi wa bia za asili kilichoanzishwa 1971. Kabla yao, watu wa Hesket Newmarket kule Cumbria walikuwa wameinunua Old Crown yao kwa ushirika mwaka 2003. Sisi tunatoka katika nchi ambazo ushirika umejenga shule, umekusanya kahawa na umezika wafu. Tunaijua nguvu hiyo. Na leo sheria ya 2011 inawapa wakazi haki ya kuiandikisha baa yao kuwa mali yenye thamani kwa jamii, hivi kwamba ikitaka kuuzwa, wanaweza kuomba muda wa miezi sita wakusanye fedha.

Na kuna Tan Hill, kule North Yorkshire, ambayo ndiyo baa iliyo juu kuliko zote Uingereza, mita 528 kutoka usawa wa bahari, peke yake kwenye nyanda za ukungu. Ijumaa ya tarehe 26 Novemba 2021 watu walipanda kule kula na kusikiliza bendi. Dhoruba iliyopewa jina Arwen ikashusha theluji, njia zikazibika, nyaya za umeme zikaanguka barabarani. Watu zaidi ya 60 walilala humo usiku tatu, wengi wao kwenye magodoro sakafuni. Wafanyakazi waliwapikia, wakawaandalia michezo, na bendi iliyokuwa imekwama pamoja nao ikawaimbia. Jumatatu njia zilipofunguliwa, walikuwa wameshakuwa marafiki, na wakaahidiana kurudi. Nauliza: nyumba ya namna hiyo ikifungwa kwa kukosa walaji mwaka mzima, siku ya dhoruba tutabisha wapi?

Sasa niingie kwenye chakula chenyewe, na hapa mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu.

Chakula kizuri cha baa ya kijijini kinamwambia mlaji yuko wapi na ni mwezi gani. Chukueni Seasalter, kwenye pwani ya Kent, jirani na Whitstable penye chaza. Kumbukumbu za ardhi za 1086 ziliihesabu Seasalter kuwa mali ya jiko la kanisa la Canterbury. Yaani zaidi ya miaka 900 iliyopita mahali pale palijulikana kwa kulisha. Pale, nyuma ya ukuta wa kuzuia bahari, pana baa inaitwa The Sportsman. Mwaka 1999 Stephen Harris aliichukua pamoja na ndugu yake. Hakusomea upishi katika chuo, alijifundisha mwenyewe. Akaanza kutazama kilichomzunguka: kondoo wanaolisha kwenye mabwawa ya pwani, samaki bapa wadogo ambao wengine waliwadharau, mwani, maji ya bahari yenyewe. Akachemsha maji hayo akapata chumvi yake. Akatengeneza siagi yake, akaichanganya na mwani, akaoka nayo samaki wale. Mwaka 2008 akapata nyota ya Michelin, tuzo kubwa ya migahawa, na jengo bado ni baa ya pembezoni mwa barabara, yenye meza za mbao zisizo na vitambaa.

Hii ni hekima ambayo mvuvi wa Pemba au wa Lamu anaielewa mara moja. Anayekula samaki wa asubuhi kwa chumvi na ndimu hana haja ya mapambo.

Upande wa magharibi, katika bonde la Evesham, Worcestershire, kuna kijiji cha Bretforton na baa yake ya Fleece. Jengo lilikuwa nyumba ya mkulima ya zama za kati, likapata leseni mwaka 1848, na familia ileile ikalishika mpaka kwa Bi Lola Taplin, ambaye alipofariki mwaka 1977 aliliacha mikononi mwa National Trust, taasisi inayotunza turathi za nchi hii. Bonde lile linasifika kwa asparaga, shina la mboga la kijani ambalo msimu wake wa jadi huanza tarehe 23 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu George, na kumalizika mwezi Juni. Katika msimu huo hufanyika pale mnada wa asparaga, mafungu yanashindaniwa bei hadharani, na jikoni shina hilo linachemshwa kidogo na kumwagiwa siagi. Baada ya Juni halipo. Unasubiri mwaka mwingine, kama tunavyosubiri embe. Je, si fundisho kwa watoto wetu, ambao dukani wanaona kila tunda kila mwezi na hawajui kwamba ardhi ina saa yake?

Vuli likifika, menyu hubadilika. Kuanzia Oktoba mosi hadi Februari mosi ni msimu wa kuwinda fezanti, yule ndege wa porini mwenye mkia mrefu mnayemwona akikatiza barabara. Kwale huanza mwezi mmoja mapema. Fezanti huokwa na huletwa pamoja na mchuzi mweupe wa mkate na maziwa. Muonjeni mchuzi huo kwa makini, mtakuta karafuu. Kitunguu huchomekwa karafuu na kuchemshwa ndani ya maziwa. Wazee wetu wa Unguja na Pemba, waliochuma karafuu wakati visiwa vyao vilipokuwa vikiuza nyingi kuliko mahali pengine popote duniani, jasho lao limo katika upishi wa kijiji cha Kiingereza, ingawa hakuna kibao kinachowataja.

Vivyo hivyo kitindamlo ambacho karibu kila baa ya kijijini hukiuza, keki ya moto iliyolowa karameli, pamoja na krimu au aiskrimu. Kilivuma kutoka Lake District, eneo la maziwa ya maji kule Cumbria, na hoteli ya Sharrow Bay, kando ya ziwa Ullswater, chini ya Francis Coulson, ilichangia sana kukieneza. Ndani ya keki hiyo kuna nini? Kuna tende. Tende zilizopondwa na kulowekwa maji ya moto ndizo zinazoipa unyevu na rangi. Tende, ambazo majahazi ya Basra na Maskati yalizileta Lamu, Mombasa na Unguja kwa pepo za kaskazi. Mkifunguliwa mlango mkakuta chakula chenye tende na karafuu, mnaweza kweli kusema ninyi ni wageni kabisa?

Na haina maana kwamba lazima mtu alipe fedha nyingi. Ni kweli, jirani yetu Marlow ipo Hand and Flowers ya Tom Kerridge, baa ya kwanza kupata nyota mbili za Michelin, na bei zake ni za siku ya sherehe kubwa. Lakini hapahapa Berkshire, kijijini Aldworth, ipo Bell Inn, ambayo familia moja imeiendesha tangu karne ya 18. Chakula chake kikuu ni mikate ya mviringo ya moto yenye vitu ndani, na supu. Basi. Na CAMRA imeitunuku kuwa baa bora ya mwaka ya nchi mara mbili, mara ya pili ikiwa ni 2019. Mimi napenda mahali panapojua kitu kimoja na kukifanya vizuri kuliko mahali penye menyu ya kurasa nane, na nawasihi muwe na shaka na menyu ndefu kijijini.

Ndugu zangu, nafika sasa kwenye swali ambalo najua limo vifuani. Sisi tunaingiaje?

Nianze na Waislamu wenzetu. Wapo ambao hawataketi mahali panapouzwa pombe, na msimamo huo nauheshimu. Kwao ipo mikahawa ya chai ya vijijini, ya maduka ya mashambani na ya nyumba za National Trust, ambako skoni, jamu na krimu nzito vinaliwa bila pombe kuwapo mezani. Kwa wale wanaoona wanaweza kuketi na familia wakala samaki au mboga, nasema hivi: ulizeni. Ulizeni kabla ya kuagiza. Unga unaofunika samaki wa kukaanga mara nyingi hukorogwa kwa bia. Pai ya nyama huenda imepikwa kwa bia, kome kwa mvinyo, mchuzi mzito wa Jumapili kwa mvinyo mwekundu. Viazi vya kuoka huenda vimegeuzwa katika mafuta ya bata bukini au ya ng'ombe, na kule Yorkshire hata chipsi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Sheria tangu Desemba 2014 inawalazimisha wauzaji kutoa taarifa za vitu 14 vinavyodhuru watu wenye mzio, lakini nguruwe na pombe havimo katika orodha hiyo. Hakuna atakayekwambia usipouliza.

Niliwahi kwenda na mama mmoja wa Tanga, mtu mzima, mcha Mungu, katika baa ya kijiji kimoja cha Oxfordshire. Alimwuliza binti wa kaunta kilichomo ndani ya mchuzi. Binti hakujua, akaenda jikoni. Akatoka mpishi mwenyewe, amevaa aproni, akachuchumaa karibu na kiti cha mama ili asimzungumzie kutoka juu, akamweleza sufuria moja baada ya nyingine. Mwishowe akasema atamwokea samaki kando, kwa siagi na limau, katika chombo safi. Mama akamwombea dua palepale. Yule mpishi alisimama akasubiri mpaka dua ikaisha ndipo akarudi jikoni.

Sitawaficha kwamba yapo na mengine. Mlango ukifunguliwa wakaingia watu weusi wanne, vichwa hugeuka. Mara nyingi ni udadisi wa mahali ambapo kila mtu anamjua kila mtu, na salamu moja yenye sauti huumaliza. Lakini mahali pengine tuliambiwa jiko limefungwa, kisha tukaona meza za baada yetu zikiletewa sahani. Inauma, na siwezi kuwaambia kwamba haiumi. Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza kumnyima mtu huduma kwa rangi yake, na inafaa kuijua. Tuliondoka, tukaenda kijiji cha pili, tukala vizuri. Tusiache mlango mmoja uliofungwa utuamulie kuhusu nchi nzima.

Yaliyobaki ni ya utaratibu. Jikoni kwa kawaida kunafunguliwa kuanzia saa sita mchana hadi saa nane au nane na nusu, kisha kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu. Anayefika saa tisa na njaa atapewa pakiti ya krispi. Baa nyingi hufungwa Jumatatu, na nyingine Jumanne pia. Chakula cha Jumapili, yaani nyama ya kuokwa, viazi, mboga, na vile vikombe vya unga na mayai vya Yorkshire vilivyofura, ni lazima kuwekewa meza mapema. Mara nyingi utaagiza kaunta na kutaja namba ya meza yako. Maji ya bomba ni bure ukiyaomba; ni sharti la leseni tangu 2010. Watoto wanaruhusiwa kula wakiwa na mtu mzima, ingawa baadhi ya nyumba huweka saa ya mwisho. Na ukimpa mhudumu bakshishi, fahamu kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri aifikishe yote kwa wafanyakazi. Wengi wetu, au watoto wetu, tumeosha vyombo katika majiko hayo. Tunajua maana ya sheria hiyo.

Napendekeza kwamba mwezi ujao, badala ya kukutana ukumbini, twende kijijini siku ya Jumapili, tutembee kidogo kwenye njia za mashamba kisha tukae mezani pamoja, wazee kwa watoto. Mabasi ya Jumapili vijijini ni haba au hayapo, kwa hiyo tutahitaji magari na madereva watakaokunywa maji. Karatasi ya majina iko kwa dada yetu aliyeketi mbele. Andikeni jina, idadi ya watoto, na vyakula msivyokula, ili tumpigie simu mwenye baa mapema na jiko lake lipate muda wa kujiandaa.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.